Kukadiria simu ngapi za modeli moja zimetengenezwa

Ndugu wa Kadutu, unataka kujua simu ile yenye kibodi ya vitufe imetoka ngapi, kabla ya kuagiza vioo vya akiba. IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, itakusaidia sana. Bonyeza *#06#: tarakimu 8 za kwanza zinatambulisha modeli, 6 zinazofuata ni namba ya kifaa, ya 15 ni ya uhakiki.

Kusanya simu zenye zile 8 sawasawa. Chukua namba ya kifaa iliyo kubwa kuliko zote, igawanye kwa idadi ya simu ulizokusanya, jibu uliongeze kwenye namba hiyo, kisha utoe 1. Simu 5, kubwa ikiwa 048000: 48.000 + 9.600 − 1 = 57.599. Kwa simu 5 tu, idadi halisi hata 87.000 inawezekana, tafuta angalau simu 20.

Usichukue zote katoni moja! Namba zake zinakaribiana, hesabu inaharibika. Changanya za Bukavu na za Birere kule Goma. Ya laini mbili ina IMEI mbili. Zikifuatana, gawanya jibu la mwisho kwa 2. Feki nyingi zinabeba IMEI ileile, ziache.

Hiyo ni idadi iliyotengenezwa yenye zile tarakimu 8, iliyouzwa iko chini yake. Kwa vioo, waulize pia mafundi wanapokea ngapi kwa mwezi.