Angalia protini ya unga wa maziwa kabla ya kumpa ndama

Kwa mfugaji wa Muheza au Pongwe, ambaye kila lita inayofika kituo cha kukusanyia maziwa ni ada ya mtoto shuleni, kumlea ndama kwa unga wa maziwa (unga mbadala unaokorogwa na kunyweshwa ndama badala ya maziwa ya mama yake) ni uamuzi unaoeleweka, na mimi mwenyewe nimelea ndama wangu hivyo. Ninachosisitiza ni kwamba kabla ya kuulizia bei ya mfuko, uliza protini yake imetokana na nini.

Maziwa ya ng'ombe yakifika katika tumbo la nne la ndama huganda, kisha husagwa polepole. Protini ya soya, ambayo baadhi ya unga huo hutiwa badala ya ile ya maziwa, haigandi, na soya isiyopikwa vizuri ina viini vinavyozuia tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, kufanya kazi, ilhali ndama wa chini ya wiki 3 bado hana uwezo wa kutosha wa kumeng'enya protini ya mimea. Ndipo anapoanza kuharisha, mkia unalowa, macho yanazama, na ngozi ya shingo ukiifinya inachelewa kurudi mahali pake. Soya iliyosafishwa kiwandani ina nafuu, lakini unga wa soya wa kusaga nyumbani siukubali kabisa kwa ndama mchanga.

Katika lebo, tafuta nyuzinyuzi ghafi, yaani kiasi cha nyuzi za mimea zisizosagika kwa urahisi. Zikizidi asilimia 0.2, mara nyingi protini ya mimea imo. Hata hivyo soma pia orodha ya viambato, kwani protini ya ngano iliyosindikwa inaweza kuwamo bila kuongeza nyuzinyuzi. Ukishakoroga, iache ndoo itulie kidogo; tope likijikusanya chini, ndama atakunywa maji na lishe itabaki ndooni.

Mimi humpa ndama dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa, ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha maziwa halisi hadi atimize wiki 3, na baada ya hapo ndipo ninapoanza kuyachanganya na unga, nikiuongeza kidogo kidogo. Protini ya mimea naiweka zaidi katika chakula kikavu, kama vile mashudu ya alizeti au soya iliyokaangwa, pamoja na maji safi wakati wote, maana chakula hicho ndicho kinachokuza tumbo la kwanza na vijidudu vyake. Akifikia kula kilo 1 kwa siku, kwa siku 3 mfululizo, naanza kumwachisha maziwa.