Wahudumu au wanaanga? Lugha rasmi au lugha ya kazi?

SWALI: Nimekuta sentensi hii kwenye habari: "Wahudumu wa chombo cha anga huzungumza Kiingereza na Kirusi, ambazo ndizo lugha zao rasmi." Je, ni Kiswahili sahihi?

JIBU: Kisarufi haina kosa. Kasoro iko kwenye maana.

Tuanze na wahudumu. Kwenye ndege, mhudumu ni yule anayegawa chakula na kuwakumbusha abiria wafunge mikanda. Rubani hahesabiwi humo. Melini tuna neno mabaharia, linalowakusanya nahodha na mpishi pamoja. Neno la namna hiyo kwa safari za anga za juu ni wanaanga: kamanda yumo, wahandisi wa safari wamo. Ukitaka kuwataja kama kundi, sema kikosi cha wanaanga.

"Chombo cha anga" nacho kinapotosha, kwa kuwa usafiri wa anga kwetu ni wa ndege. Ndiyo maana kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Andika anga za juu.

Kosa zito zaidi ni "lugha rasmi". Lugha huwa rasmi kwa tamko la dola au taasisi, kama Kiswahili katika Umoja wa Afrika. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachokaliwa na watu mfululizo tangu Novemba 2000, kina makubaliano ya kiutendaji tu: shughuli za kituoni ziendeshwe kwa Kiingereza. Hiyo ni lugha ya kazi. Mjapani akizungumza na familia yake, anatumia Kijapani chake bila kuvunja kanuni yoyote.

Kirusi kina mahali pake, na hapo ndipo kile kiunganishi "na" kinapoficha jambo. Ndani ya Soyuz, chombo cha Urusi kinachowapeleka wanaanga kituoni, maandishi ya mitambo na vitabu vya taratibu ni vya Kirusi, na kituo cha uongozaji karibu na Moscow huzungumza na kikosi kwa Kirusi. Chombo kina viti vitatu. Anayekaa kushoto humsaidia kamanda kukiendesha, kwa hiyo hata akiwa Mmarekani au Mfaransa ni lazima asome na kujibu kwa Kirusi papo hapo. Hitilafu ikitokea, hakuna nafasi ya mkalimani.

Ningeiandika hivi: "Lugha ya kazi ya wanaanga kituoni ni Kiingereza; wakisafiri kwa Soyuz, hutumia Kirusi."