Maswali Yenu: Haki za Mzee, Kuanzia Kilifi Hadi Leicester

Mama yangu ana miaka 73 na hajawahi kuonja pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwalipa wazee kila mwezi, ilhali jirani yake wa rika moja anapokea. Chifu anatuambia tungoje. Tungoje nini? – Msomaji, Kilifi

Mnangoja zoezi la usajili. Tangu 2018 mpango huo ni wa kila Mkenya aliyefikisha miaka 70, tajiri kwa maskini, mradi asiwe na pensheni ya serikali. Lakini majina mapya hayaingizwi kila siku. Huingizwa serikali inapotenga fedha na kutangaza usajili. Yaelekea jirani alisajiliwa katika zoezi ambalo mama yenu lilimpita. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa za miezi miwili kwa pamoja.

Msingoje mkiwa mmekaa. Kagueni kitambulisho chake: umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa pale, si ule mnaoujua nyumbani. Kama mwaka wa kuzaliwa umekosewa, anzeni kuurekebisha leo katika ofisi ya usajili wa watu, maana shughuli hiyo haiishi kwa siku moja. Halafu mchagueni mapema mlezi atakayeandikishwa pamoja naye, mwenye kitambulisho chake mwenyewe. Mikono iliyoshika jembe maisha yote hufutika alama za vidole, na mashine ikizikataa, au miguu ikigoma kufika mjini, mlezi aliyemo kwenye rekodi ndiye atakayewaokoa. Akishaanza kupokea, asikose uhakiki wa kuwa hai unapotangazwa. Wasiotokea husimamishiwa malipo wangali wazima.

Nalipwa pensheni ya kila mwezi na ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Nikitimiza miaka 70 nitanyimwa Pensheni Jamii, ile ya serikali kwa wazee wote? – Mstaafu, Unguja

Hunyimwi. Mpango wa Zanzibar, ulioanza Aprili 2016, unaangalia umri na ukaazi, si kipato, na hapo unatofautiana na ule wa Kenya. Anzia kwa sheha wako, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi mkononi.

Baba ana miaka 66. Hospitalini tumeambiwa tulipie vipimo. Si wazee hutibiwa bure? – Msomaji, Kahama

Kufikisha miaka 60 peke yake hakutoshi. Msamaha unaotokana na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ni wa mzee asiye na uwezo wa kulipa, na huo kutokuwa na uwezo lazima uthibitishwe kwa karatasi. Kazi inaanzia serikali ya mtaa au kijiji, inapanda kwa mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwisho wake ni kitambulisho cha matibabu chenye picha. Aanzie zahanati au kituo cha afya ili apande hospitali na barua ya rufaa. Kuruka ngazi kunampa mhasibu sababu ya kudai fedha. Na aingie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya vipimo. Bili ikishatoka, kuifuta ni kazi nyingine kabisa.

Mama mkwe ana miaka 78, ni raia wa Uingereza, naishi naye. Tangu apate kiharusi mwaka jana naamka usiku kumpeleka chooni, lakini ombi la posho limekataliwa. – Mkwe, Leicester

Kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku fomu kuliko hali ya mama. Attendance Allowance, posho ya Uingereza kwa wazee wanaohitaji kusaidiwa, haiulizi akiba wala mapato. Inauliza msaada wa mwili: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, au kuangaliwa asijidhuru, na uhitaji huo uwe umedumu miezi sita. Kupikiwa na kufagiliwa hakumbebi. Anayehitaji msaada mchana tu au usiku tu hupata kiwango cha chini. Mchana na usiku, cha juu. Kwa hiyo huko kuamka kwako kuna uzito, hasa kama ni mara mbili au zaidi kwa usiku mmoja, au mara moja inayochukua dakika 20 hivi.

Tatizo ni kwamba wazee wetu wamelelewa kutolalamika. Akiulizwa kama anaweza kuvaa atajibu, “Naweza, alhamdulillahi,” na hilo ndilo linaloandikwa. Andikeni hivi: anavaa ameketi, mkono wa kushoto haunyanyuki, vifungo nafunga mimi, dakika 40. Wekeni daftari la wiki moja lenye saa, kilichotokea, na nani alisaidia.

Una mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, kuna baraza la rufaa, na ni bure. Posho ikipita, nawe unayemtunza saa 35 au zaidi kwa wiki unaweza kuombea Carer’s Allowance, posho ya mtunzaji, mradi mshahara wako hauvuki kikomo chao.

Sambamba na hayo, ombeni tathmini ya mahitaji kwa halmashauri ya mji. Sheria ya huduma za jamii ya 2014 (Care Act) inawalazimu kuifanya bure, hata mzee awe na fedha. Akiba inayozidi pauni 23,250 itamfanya alipie huduma mwenyewe, lakini nyumba anayoishi haihesabiwi maadamu anahudumiwa humo humo. (Wasomaji wenye viza inayozuia fedha za umma msiombe posho hizi kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji, kuomba tu kunaweza kuvunja masharti ya viza.)