Mwanangu, umeniuliza kuhusu kusahau

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena saa sita, kisha mama yako akaisoma kwa sauti mimi niko nakula mpaka chakula kikapoa. Unasema fianse wako alikuwa anatunza pesa ya michango ya arusi, akatoa dola mia nne akampa kaka yake alipe deni, hakukuambia, ukaja kuona mwenyewe kwenye meseji za M-Pesa. Akalia, akaomba msamaha, mchungaji anayewafundisha mafundisho ya ndoa huko Lubumbashi akasema msamehe, nawe ukasema nimekusamehe. Na sasa usiku unageuka kitandani. Unauliza: "Papa, kama nimemsamehe kweli mbona sisahau? Na nikisimamisha arusi, ni kusema sina neema?"

Nitakujibu. Lakini acha kwanza nikuambie habari ya mashini ya mama yako, juu naona njo hiyo uko unauliza hata kama hujui.

Ile mashini ya kushona unaijua. Unajua ule msalaba mdogo wa rangi ya verni nyekundu kwenye shingo yake, ulikuwa unaukwangua na ukucha mama yako anakukemea. Unajua ilipotea mwaka wa volkano, ikarudi. Namna ilipotea hatukuwaambia kamwe, wewe na dada zako. Nimemuomba mama yako ruhusa leo. Akanyamaza kidogo, akasema, mwambie, lakini umwambie yote.

Aliipata kwa likelemba, ule mchango wa kupokea kwa zamu, mwaka 2000, na zamu yake ilikuwa ya mwisho, alingoja wenzake wote wamalize kupokea. Maharagi mengi mliyokula utoto wenu yalitoka kwenye ile mashini, iniforme za watoto wa jirani, nguo za korali, mapazia. Na mimi wakati ule nilikuwa na deni. Nilijaribu biashara ya maharagi ya Masisi, mvua ikakamata mzigo njiani, ukaoza, na pesa haikuwa yangu, zilikuwa dola sitini za mtu tuliyekuwa naye kazini. Mama yako hakujua. Nilikuwa najiambia: nitalipa mbele hajajua. Hayo maneno uyaandike mahali, mwanangu, juu nina hakika fianse wako naye aliyasema, tena kwa moyo mzuri kabisa.

Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Moto ukakata mji wetu wa Goma katikati, ukapita kwenye kiwanja cha ndege, ukashuka mpaka ziwani. Mama yako alikubeba wewe mgongoni, mimi nikabeba kichwa cha mashini begani, meza yake tukaiacha ikaungua pamoja na nyumba. Tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na ule umati wote, tukalala nje. Siku iliyofuata yule mwenye deni akanikuta pale, naye nyumba yake imekwisha, watoto wake wanalia, akasema naomba hata nusu. Alfajiri mama yako akiwa amelala nikachukua ile mashini nikaiuza dola thelathini na tano kwa mtu nisiyemjua, nikampa yule zote. Halafu nikarudi nikamwamsha mama yako, nikasema, mama, wameiba mashini.

Hakulia sana. Lakini jioni yake, pale pale chini tulipokaa, akaomba: Bwana, yule mwizi kama alikuwa na njaa, umpe kazi ya mikono yake, na umpe usingizi. Nikaitikia Amina.

Akaomba hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Tukarudi Goma, tukajenga kibanda cha mbao juu ya mawe ambayo bado yalikuwa yanatoa joto, na kila jioni mbele ya kulala yule mwizi alikuwa kwenye maombi, katikati ya bibi yako na wagonjwa wa kanisa. Miezi mitano, mwanangu. Miezi mitano niliitikia Amina. Mpaka leo mtu akisimama kanisani kumuombea mwizi, mimi natazama chini.

Mwezi wa sita alikwenda Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kununua uzi. Chini ya baraza moja akaona fundi anashona, na kwenye shingo ya mashini, msalaba wa verni nyekundu. Akamsalimia fundi kwa heshima, akamuuliza aliipata wapi. Fundi hakuwa na la kuficha, alisema aliinunua Gisenyi siku za volkano, kwa mwanaume mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani. Ile kofia unaikumbuka kwenye picha.

Sasa sikiliza alichofanya. Njia ya kurudi inapita kwa shangazi yako. Hakuingia. Inapita kanisani, na siku ile wamama wa maombi walikuwepo, wenzake wote ambao walikuwa wamemlilia ile mashini. Hakuingia. Kila Desemba wanaposoma Mathayo 1:19, kwamba Yusufu, mchumba wa Maria, "kwa vile alivyokuwa mtu wa haki, asitake kumwaibisha", watu wanamfikiria Yusufu, mimi naona mama yako anapita mbele ya lile kanisa na kitunga cha uzi.

Akapika. Tukala. Nyinyi mkalala. Ndipo akasema, leo nimeona mashini yangu. Nikanyamaza. Akasema, bado inashona vizuri. Nikanyamaza tena. Akauliza: "Uliuza ngapi?"

Nikaanza kueleza, deni, maharagi, watoto wa yule mtu, volkano. Akasema, hiyo sijauliza, ngapi? Nikasema thelathini na tano. Na deni lilikuwa ngapi? Sitini. Kwa hiyo tunadaiwa bado ishirini na tano. Nikasema ndiyo. Umesikia alivyosema, TUNADAIWA. Akakaa muda mrefu anatazama taa, kisha akasema: "Kumbe ni wewe nilikuwa nakuombea. Kazi Mungu alikupa. Usingizi je?" Nikasema sina. Akasema, basi sasa nimejua niko nasamehe nani na niko nasamehe nini, mpaka jana nilikuwa nasamehe mtu ambaye hayuko.

Njo maana mnanisikia siku zote nasema huwezi kusamehe deni ambalo hujui hesabu yake. Mmeshachoka na huo msemo, najua, dada yako anaumalizia mbele mimi sijafika katikati. Lakini sikuutoa kwenye kitabu.

Tazama Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa na bwana wake talanta elfu kumi, akakataa kumsamehe mtumwa mwenzake. Watu wanahubiri kama vile deni la mwenzake lilikuwa kitu kidogo. Dinari mia! Dinari moja ni mshahara wa siku moja wa kibarua, utaiona kwenye Mathayo 20. Siku mia za jasho, zaidi ya miezi mitatu. Yesu angeweza kusema dinari mbili, hakusema. Alijua kwamba mtu akikukosea, inakuwa imekuuma kweli na ina hesabu. Ila ukiiweka pembeni ya talanta elfu kumi, na talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, basi ni siku milioni sitini za kazi, hakuna mtu wa kuzimaliza. Hiyo ndiyo tuliyosamehewa wewe na mimi na fianse wako. Na Zakayo aliposhuka kwenye mti hakusema tu nisamehe, alitaja hesabu kwa mdomo wake mwenyewe, nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne.

Lakini hapa nagombana na mimi mwenyewe, juu Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya". Iko pale, 1 Wakorintho 13:5, na watawasomea siku ya arusi. Nimeigeuzageuza miaka mingi. Jibu langu ni kwamba mama yako alihesabu mara moja, usiku mmoja, na hajahesabu tena. Tumegombana mara ngapi tangu 2002, mengine mmeyasikia kupitia ukuta wa mbao, hajawahi kunirushia mashini. Hata mara moja. Kwa hiyo labda Paulo anakataza kuhesabu kila jioni. Lakini nikisema hivyo naogopa kama nalipindisha Neno lifuate msemo wangu. Umuulize mchungaji wako, asikujibu haraka.

Na hakuna aliyesahau, mwanangu. Mama yako anakumbuka mpaka rangi ya kofia. Mwaka mzima mshahara wangu ulipita mkononi mwake mbele ya kufika mkononi mwangu, na mimi nilikubali, sikuona kama adhabu, niliona kama mtu aliyevunjika mguu amefungiwa mbao. Zile ishirini na tano tulilipa pamoja. Fundi alitaka hamsini kwa mashini, tukampa kidogokidogo mpaka 2003 tukaikomboa, na siku ile mama yako alishona mpaka usiku wa manane bila kuwa na kazi ya mtu, anashona tu vitambaa. Baba yako mdogo alinicheka, akasema mke ni wako, mashini ni yako, msamaha unaomba wa nini. Na sheria ya familia ya Congo ya 1987 wakati ule ilimpa nguvu ya kusema hivyo, mwanamke alikuwa anahitaji ruhusa ya mumewe kwa mambo ya sheria, hiyo wameitoa 2016. Nilimjibu kwamba mbele za Mungu nimeiba. Hatukuelewana miezi miwili.

Hiyo inanikumbusha, pale komine, ofisi ya serikali mtakapoandikisha ndoa, watawauliza mnachagua namna gani ya mali: kila mtu na vyake, ao kuunganisha vile mtakavyopata pamoja ndani ya ndoa, ao kuunganisha vyote kabisa. Vijana wengi wanajibu bila kufikiri, wanaogopa kuchelewa picha. Nyinyi kaeni chini mzungumze hiyo kwanza, na dola mia nne ziwe mezani. Mkishindwa kuzizungumza hizo, mtazungumza nini?

Na sasa swali ambalo hukuniuliza. Kwa nini hakukuambia? Simtetei, alikosa, pesa ile ni ya watu, kuna mama pale kanisani ametoa dola tano za ndizi zake. Lakini mimi sikumwambia mama yako juu ya deni, na si kwamba alikuwa mkali, nilikuwa naogopa kushuka machoni pake. Wewe nawe una ukali fulani, ulianza ukiwa mdogo, dada yako akivunja kikombe ulikuwa unahesabu vilivyobaki kwa sauti. Jichunguze. Kaka yake alipokuja na shida, alifikiria kukuambia akaona uso gani? Pengine hakuna kosa lako hapo. Pengine liko. Mimi sikuwepo.

Mwaka 2021, tarehe 27 Mei, siku tano baada ya volkano kupasuka tena, amri ilipotoka watu watoke mjini, wewe ulikuwa umeshaondoka. Mama yako alikuwa ndani anafunga nguo. Akatoka akanikuta nimesimama mlangoni na kichwa cha mashini begani, sijabeba kitu kingine, hata karatasi za nyumba. Alicheka! Watu wanakimbia kuelekea Sake, pikipiki, chukudu zile za mbao za kubebea mizigo, mifugo, watoto, na mama yako anacheka mpaka anafuta machozi, akaniambia safari hii usiiuze. Miaka kumi na tisa, ndiyo mara ya kwanza alitaja, na alitaja kwa kucheka. Nilitembea kilomita zote zile, bega liliniuma juma nzima, na sikuwahi kuwa na furaha kama siku ile, Mungu anisamehe, watu wengine walikuwa wanalia.

Kwa hiyo ukiuliza mbona hujasahau, mimi nakuuliza: amekutajia hesabu yote? Mia nne ndiyo yote? Kaka yake bado anadaiwa? Ameitaja mwenyewe ao ni wewe uliyeichimba kwenye simu? Juu mtu anayetaja mwenyewe, hata kwa kuchelewa, na mtu anayekiri pale tu uliposhika, hao si sawa. Ingawa mimi nilikuwa wa aina ya pili. Mama yako alinishika. Kwa hiyo hata hapo nanyamaza.

Kusimamisha arusi kwa muda si kukosa neema. Yusufu mwenyewe aliazimu kuachana, na Biblia inamwita mtu wa haki katika mstari uleule. Kusamehe unadaiwa hata msipooana. Kuoana hudaiwi. Hayo ni mambo mawili, na naona mchungaji wako ameyafunga kamba moja.

Ukitaka nikuambie ningefanya nini, ninalo la kusema. Nimeliandika hapa chini mara mbili, mama yako amenifanya nilifute mara mbili, anasema wewe huoi fianse wake, nyamaza. Lakini nitasema hivi tu, na amekubali: yule binti alipokuja hapa mara ya kwanza aliosha vyombo bila kuulizwa, na aliivunja ile sahani ya bluu, akaja mwenyewe jikoni na vipande mkononi kumwonyesha mama yako. Hiyo siisahau. Inamaanisha nini, utapima wewe.

Zile mbuzi mbili za mahari zilizobaki kupelekwa Bukavu, baba yako mdogo anauliza apakize kwenye boti lini. Nimemwambia angoje simu yako. Zinakula vizuri, zimenenepa.

Papa yako