Kwa nini mnaanzia kaunta: mzee Chuck Peddle na chipu ya dola 25

Najua mnanung'unika. Mmekuja mafunzo kwa vitendo mkitegemea kushika bisibisi na kifaa cha kulehemu, nami nawaweka kaunta wiki mbili nzima mkiandika majina ya wateja. Mwaka jana mmoja aliniuliza kama alisoma miaka mitatu ili awe karani. Nilimsimulia habari za Chuck Peddle, mhandisi wa Kimarekani aliyetengeneza chipu ya bei nafuu iliyoingia kwenye kompyuta za mwanzo za watu binafsi, na leo nawasimulia ninyi.

Mzee huyo alifariki tarehe 15 Desemba 2019 huko Santa Cruz, California, akiwa na miaka 82. Alizaliwa mwaka 1937 mjini Bangor, jimbo la Maine. Alipokuwa sekondari alifanya kazi katika kituo cha redio, akapitia jeshi la Marine, akasoma Chuo Kikuu cha Maine, akaajiriwa kampuni ya General Electric. Mwaka 1973 akahamia Motorola, walikokuwa wakitengeneza prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa mashine, iitwayo 6800.

Hapo ndipo kaunta inapoingia. Kazi mojawapo ya Peddle ilikuwa kutembelea wateja: viwanda, watengenezaji wa mizani, wa mashine za fedha za madukani, wa vifaa vya hospitali. Anakaa na wahandisi wao, anawafundisha jinsi chipu inavyofanya kazi. Wanasikiliza, wanafurahi, wanauliza maswali ya maana. Halafu mtu anauliza bei. Moja moja iliuzwa dola 360. Basi, kikao kimekwisha, ahsante kwa kuja.

Mtu mwingine angerudi ofisini akaandika kwamba wateja wa eneo hilo hawana uwezo. Peddle aliandika kile ambacho wateja hawakukihitaji: sehemu zipi za chipu wangeweza kuishi bila kuzitumia, na bei gani ingewafanya watoe pochi. Jibu lilizunguka kwenye dola 25. Akaanza kuwasukuma wakubwa wake watengeneze chipu ndogo ya bei hiyo. Wakamwandikia barua aache. Husimuliwa kwamba aliipokea barua ile kama ushahidi kwamba kampuni imelitupa wazo, kwa hiyo yeye yuko huru kuliokota. Mwaka 1974 akaondoka na wenzake kadhaa, wakahamia kampuni ndogo ya Pennsylvania iitwayo MOS Technology.

Sasa niwaambie langu, maana hili la kusikiliza sikulijua kwa kusoma. Nilipoanza kujitegemea nilitengeneza programu ya duka la dawa. Ilikuwa na kila kitu: mauzo, madeni, mishahara, ripoti za rangi. Mama mwenye duka akaitazama kwa adabu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kujua dawa ipi inaharibika mwezi ujao." Nikamwonyesha ripoti za rangi tena. Akanipa soda, nikaondoka. Kwa miezi minne nilimsema kwa rafiki zangu kwamba haelewi teknolojia.

Turudi kwa mzee. Dola 25 haikupatikana kwa kupunguza faida, na hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo uhandisi ulipo. Chipu nyingi huchapwa kwa pamoja juu ya sahani moja ya silikoni, kupitia vioo vyenye michoro ya saketi. Kioo kikiwa na kosa, kosa linajirudia kila unapochapa. Wakati ule, katika kila chipu 100, mara nyingi zilizokuwa nzima ni kama 30. Nyingine ni takataka, na gharama ya takataka analipa mnunuzi wa zile nzima. MOS walikuwa na utaalamu wa kurekebisha makosa kwenye vile vioo, wakapata nzima 70 au zaidi. Silikoni ni ile ile, umeme ni ule ule. Juu ya hapo timu ya Peddle ilikata kila kisichohitajika hadi zikabaki transista (swichi ndogo sana za umeme) kama 3,500, na mchoro wake ulichorwa kwa mkono. Chipu ikiwa ndogo, zinaenea nyingi zaidi kwenye sahani moja.

Ikaitwa 6502. Walikwenda kuiuza kwenye maonyesho ya elektroniki ya WESCON, San Francisco, Septemba 1975. Waandaaji wakawakataza kuuza ndani ya ukumbi, basi wakakodi chumba katika hoteli ya St. Francis na kuwaelekeza watu huko. Mlangoni palikuwa na machupa makubwa ya kioo yaliyojaa chipu, mke wa Peddle akihudumia. Zilizokuwa chini ya machupa nyingi zilikuwa mbovu, za kujazia tu, ili kampuni ionekane ina mzigo. Mimi hilo silipendi. Tumeshaona maboksi matupu ya kutosha madirishani Kariakoo. Ila Mgala muue na haki yake umpe: bei ilikuwa ya kweli. Mwezi uliofuata Motorola wakaishusha 6800, ambayo kutoka dola 360 ilikuwa imeshafika 175, hadi dola 69.

Motorola wakawashtaki MOS pia. Chipu nduguye, 6501, ilikuwa na miguu iliyopangwa sawasawa na ya 6800, na mmoja wa wahandisi waliohama alikuwa amebaki na nyaraka za mwajiri wa zamani. Kesi ikaisha kwa MOS kulipa dola 200,000 na kuiondoa 6501 sokoni. Ukihama kazi, flashi ya ofisi iache ofisini. Sitalirudia hili.

Peddle aliikusudia 6502 iwekwe kwenye mashine za viwandani na vifaa vya nyumbani. Lakini kwa dola 25 hata mtu binafsi aliweza kununua, na Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alinunua. Ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta za Apple I na Apple II. Peddle mwenyewe aliitumia kwenye kompyuta ya Commodore PET ya 1977. Nintendo nao wakatumia chipu ya ukoo huo kwenye mashine yao ya gemu mwaka 1983. Zile gemu za kaseti ambazo kaka zenu walizilipia vibandani uswahilini zilikuwa nakala za Nintendo hiyo. Ukifungua moja unakuta doa jeusi gumu kama lami. Chini yake mna mjukuu wa 6502.

Baadaye alianzisha kampuni yake na kutoa kompyuta nzuri sana, Sirius 1, iliyouzika vizuri Ulaya. Lakini programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya kompyuta za kampuni kubwa ya IBM hazikukubali kwenye mashine yake, na wateja walikwishaanza kuuliza, "Inaendesha za IBM?" Kampuni ikafilisika.

Kwa mama wa duka la dawa nilirudi, kwa aibu. Safari hiyo nilikuwa na skrini moja tu: dawa zinazokwisha muda ndani ya siku 90. Alilipa siku ile ile, na programu ya mishahara hajaiulizia hadi leo.

Daftari la kaunta liko droo ya juu. Anayeleta kifaa andikeni jina na tatizo kama alivyolisema yeye, si kama mlivyofundishwa chuoni. Anayeuliza bei akaondoka, andikeni alichouliza na alitaja shilingi ngapi. Nitalisoma Ijumaa jioni.