Ukifundisha viumbe vamizi, anza na mahali kabla ya jina

Mwalimu mwenzangu unayeanza,

Somo la viumbe vamizi, yaani viumbe waliopelekwa mahali pasipo kwao na kuleta madhara huko, linaonekana jepesi. Unaorodhesha majina, unataja madhara, wanafunzi wananakili, mtihani unapita. Nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka siku niliposahihisha karatasi ya mwanafunzi aliyeandika kwamba sangara ni "samaki mbaya". Hakuwa amekosea kunakili. Ndivyo nilivyokuwa nimemfundisha.

Sangara ni mwenyeji wa mto Nile na Ziwa Turkana, na huko ameishi na samaki wenzake tangu kale. Balaa lilianza alipotiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kwenye maji yenye mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, ambazo hazijawahi kuishi na mwindaji mkubwa kiasi kile. Spishi zipatazo 200 zinadhaniwa kutoweka. Samaki ni yule yule, ila mahali ndipo palipobadilika.

Tangu karatasi ile, kila nikianza mada hii namleta kiumbe mmoja katika sehemu mbili. Ninayempenda zaidi ni konokono mkubwa wa Afrika. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kwao, ni konokono tu. Akipelekwa visiwa vya Pasifiki au Florida, anamaliza mashamba. Nawauliza wanafunzi: huko alikohamia amekosa nini ambacho kwao kilikuwepo? Wakae na swali hilo, usiwakimbizie jibu. Wataanza kutaja wanaomla, magonjwa yake, washindani wake, na watakuwa wameingia kwenye ekolojia wenyewe bila wewe kuandika fasili hata moja ubaoni.

Jambo la pili ni tofauti kati ya mgeni na mvamizi. Mahindi yametoka Amerika, lakini yakiachwa bila mkulima hayachukui msitu. Ni mageni, si mavamizi. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, ya mwaka 2023 inasema binadamu wamehamisha spishi zaidi ya 37,000 kwenda zisikokuwa za asili, na zaidi ya 3,500 kati ya hizo ndizo zenye madhara. Wape wanafunzi wapige hesabu: ni kama moja katika kila kumi. Baada ya hapo ndipo uwape takwimu nyingine ya ripoti hiyo hiyo, kwamba spishi vamizi zimechangia asilimia 60 ya kutoweka kwa mimea na wanyama kulikorekodiwa duniani. Zikifuatana hivyo, darasa hunyamaza, kwa sababu wameona jinsi wachache walivyoweza kuharibu kiasi hicho.

Na hapa nikuombe jambo kwa moyo wote. Chunga maneno. "Wageni waondoke" ni sentensi inayotoka kirahisi darasani, na pengine umekaa naye mtoto ambaye familia yake imehamia hapo juzi. Sema wazi, mapema, kwamba unazungumzia mimea na wanyama ambao mtu amewabeba, kwa meli, kwa biashara ya maua na samaki wa mapambo, au kwa nia njema ya kutatua tatizo. Aliyebebwa hana kosa. Mimi husema "spishi iliyoletwa" kila ninapoweza, kwa sababu kitenzi hicho kinamlazimisha mwanafunzi kuuliza: imeletwa na nani?

Nia njema ndiyo sehemu tajiri kuliko zote katika mada hii, kwa hiyo ipe kipindi kizima. Mwaka 1935 chura wa miwa walipelekwa Queensland, Australia, wakale mbawakawa walioharibu miwa. Chura hao hawakuwamaliza mbawakawa, bali waliongezeka wao, na sumu yao ikaua nyoka, kenge na wanyama wengine waliojaribu kuwala. Mwaka 1977, katika kisiwa cha Moorea, Bahari ya Pasifiki, aliletwa konokono mla nyama ili apunguze yule konokono wetu mkubwa. Badala yake aliwageukia konokono wadogo wa asili wa jenasi ya Partula, na katika muda wa miaka kumi hivi karibu wote wakawa wametoweka porini kisiwani humo. Baadhi ya spishi zilinusurika kwa sababu watafiti waliwahi kuwachukua wachache na kuwafuga.

Usiishie hapo, maana mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba kupambana na kiumbe kwa kiumbe ni ujinga siku zote. Mweleze pia fukusi wa gugu maji, waliotolewa Amerika Kusini, wakajaribiwa kwanza, kisha wakaachiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, na gugu likapungua sana kabla ya muongo kwisha. Halafu uliza: fukusi yule na chura yule wana tofauti gani? Jibu limo kwenye mlo. Fukusi hutegemea gugu maji ili aishi, na chura hula chochote kinachoingia mdomoni. Mwanafunzi akilifikia jibu hilo mwenyewe, hatalisahau.

Kuhusu kasi ya kuenea, hesabu hufundisha kuliko picha. Gugu maji likipata maji yenye rutuba linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili au chini ya hapo. Waambie bwawa limeanza na mita 1 ya mraba ya gugu. Baada ya wiki 20 limefika mita za mraba 1,024. Kama huo ndio ukubwa wa bwawa, wiki mbili kabla ya kufunikwa lote, nusu ya maji ilikuwa bado wazi, na wiki sita kabla, gugu lilikuwa limeshika sehemu moja tu kati ya nane. Sasa waulize ni lini wangepiga kelele. Uliza pia maji yale yalipata wapi rutuba, mpaka wafike kwenye mbolea na majitaka, kwani mvamizi mara nyingi huingia kwenye mlango uliokwisha kuvunjwa.

Mabishano juu ya faida usiyakwepe. Sangara huyo huyo amejenga biashara kubwa ya minofu ya kuuza nje, na watu wengi wanapata riziki kwa sababu yake. Gawa darasa, wengine wawe wavuvi, wengine watafiti wa furu, na usitoe hukumu mwishoni.

Kazi ya nje ni rahisi: fremu ya mita moja kwa moja, ya mbao au kamba. Iwekwe mara kadhaa palipojaa mmea vamizi na mara hizo hizo pembeni yake, wahesabu aina za mimea iliyomo kila fremu. Usimruhusu mtu kung'oa kitu kabla hakijatambuliwa kwa uhakika, kwa sababu mimea mingi ya asili inafanana na mavamizi. Gugu karoti wasiliguse kwa mikono mitupu, linawasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Na sampuli yenye mbegu isibebwe kwenda nyumbani.

Mkirudi, wasimamishe kabla ya kuingia darasani. Wakague soli za viatu na pindo za nguo, kila mbegu iingie kwenye bahasha. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mbegu zilijaa kiganja changu, na kipindi kilichofuata tulikitumia chote kuzitambua.