Mafunzo ya lazima kazini: gombania muda kwanza

Ukikabidhiwa kazi ya kusimamia mafunzo ya lazima, kitu cha kwanza utakachopewa ni orodha. Majina upande wa kushoto, kozi juu, na visanduku vyekundu vimetapakaa kama surua. Utaambiwa wekundu huo uishe kabla ya ukaguzi. Na wengi tunajua kinachofuata: barua pepe ya kukumbusha, kisha ya pili kwa herufi kubwa, kisha ya tatu yenye nakala kwa bosi wa mhusika.

Nimeishi na kazi hii kwa miaka, kwanza ghalani na baadaye ofisini. Ushauri wangu ni huu: iweke orodha hiyo pembeni kidogo, uombe ratiba ya zamu. Humo ndimo utakapoona kwa nini watu hawasomi. Anayehudumia wateja tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa ataifanya saa ngapi kozi ya saa nzima? Anayelinda lango peke yake usiku, akienda darasani, lango anamwachia nani? Tunawaita wakaidi. Wengi wao hawajapewa muda tu, basi.

Lazima kwa amri ya nani?

Ila kabla hujagombania muda wa watu, hakikisha unachotaka kuwafundisha ni lazima kweli. Orodha nyingi huchanganya mambo matatu. Kuna mafunzo yanayodaiwa na sheria au mamlaka inayosimamia sekta yenu. Kuna yanayodaiwa na mkataba, kampuni ya bima au mteja mkubwa. Halafu kuna yale yaliyoanza kwa sababu mtu fulani kwenye kikao alisema "hii ingefaa kila mmoja aipate", wakapiga makofi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Hayo ya tatu yanaweza kuwa mazuri sana. Hayana haki ya kula saa za yale ya kwanza.

Kwa kila kozi uliza: nani kaidai, inamhusu nani, irudiwe baada ya muda gani, na ushahidi unaotakiwa ni upi. Kisha nenda kwenye maandishi yenyewe, usikubali "tumezoea hivi". Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka wafanyakazi wapewe mafunzo yanayofaa ya usalama na afya kazini. Mkataba Na. 190 wa 2019 unataka watu wapewe taarifa na mafunzo kuhusu hatari za ukatili na unyanyasaji kazini na namna ya kujikinga nazo. Yote miwili haisemi popote kwamba kila mtu akae darasani kila Januari. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inapotaja mafunzo inawataja wafanyakazi wanaohusika na uchakataji wa data. Mtunza bustani asiyegusa faili la mtu hahitaji kozi ileile ya karani wa mishahara. Kwa upande mwingine, mabaharia chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo yao, wanatakiwa kila baada ya miaka 5 kuonyesha kwamba bado wanaweza mambo ya msingi kama kuzima moto na kujiokoa baharini. Hapo hakuna mjadala. Sheria ya nchi yako nayo inaweza kuwa kali kuliko mikataba yote hiyo, kwa hiyo isome mwenyewe au mkalie mwanasheria wenu mpaka akujibu.

Utashangaa ni mara ngapi maneno "kila mwaka" hayana mwenyewe. Ukifuatilia nani aliyaandika, unakuta ni mtu aliyekwishastaafu. Nikishapata orodha iliyopunguzwa, ndipo ninapopata uso wa kwenda kuomba muda.

Mwenye zamu ndiye mwenye mafunzo

Msimamizi mmoja wa ghala aliniambia bila kuzunguka: "Dada, ukinichukulia watu wanne saa nne, lori likifika nani atapakua? Wewe?"

Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo ambalo barua pepe zote za kukumbusha huwa zinalikwepa. Tukakaa na daftari lake la kupokea mizigo. Malori yalikuwa yanakuja kwa mkupuo asubuhi, kisha tena jioni. Kuanzia saa nane mchana palikuwa na utulivu ambao kila mtu pale aliujua isipokuwa ofisi iliyopanga ratiba ya mafunzo. Tukakubaliana watu wawili wawili, dakika 40, saa nane. Majina akapanga yeye. Siku ambayo lori lilikuja mapema aliahirisha mwenyewe na kupanga siku nyingine mwenyewe. Sikumfukuzia tena mtu hata mmoja wa ghala lile.

Hilo ndilo ningependa ulichukue hata kama mengine yote utayaacha. Kaa na kila msimamizi wa zamu, mkono kwa mkono na ratiba yake, na mpe yeye uamuzi wa nani aende lini ndani ya kipindi mlichokubaliana. Wewe baki na tarehe ya mwisho tu. Akiona mafunzo yanaharibu hesabu zake za siku, atakuficha watu, na utakuwa unagombana na wafanyakazi ambao hawana sauti yoyote juu ya muda wao.

Yako mambo ambayo mimi siyakubali hata nikibembelezwa. Mafunzo ya lazima yafanywe ndani ya saa za kulipwa. Mtu wa zamu ya usiku asiambiwe arudi saa tatu asubuhi akiwa hajalala. Mwalimu ndiye amfuate usiku, na akikataa tafuta mwalimu mwingine. Usimwambie mtu afungue kozi kwenye simu yake, kwa bando lake, akiwa kitandani. Ule Mkataba Na. 155 unasema wazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi, na kama nchi yako imeuridhia una pa kusimamia ukiambiwa bajeti hakuna.

Halafu tawanya tarehe. Vyeti vya idara nzima vikiisha wiki moja, kila mara utalazimika kuifunga idara nzima kwa wiki hiyo. Panga kwa mwezi ambao mtu aliajiriwa, na ikwepe miezi ya kufunga hesabu au ya msimu wa kazi nyingi.

Darasani

Muda ukishapatikana, usiuchezee. Chukua mfano wa mtungi wa kuzimia moto. Kila aliyepita kwenye slaidi anayajua maneno: vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto, bana mpini, pitisha kushoto na kulia. Sasa mpe mtungi wa mazoezi mkononi. Wengi hubana mpini huku wanavuta pini, na pini haitoki, kwa sababu mpini uliobanwa ndio unaoishikilia. Utamwona mtu mzima, aliyepata mia kwa mia kwenye jaribio, anavuta mpaka jasho linamtoka. Mwingine anashika pembe ya kutolea gesi ya mtungi wa kaboni dioksidi kwa kiganja, pale pale ambapo baridi yake inaweza kuunguza ngozi. Mwingine analenga miali ya juu badala ya kitako. Makosa yote hayo hurekebishika kwa dakika chache za kushika na kurudia, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye alama za kompyuta.

Huduma ya kwanza ni hivyo hivyo. Kumkandamiza kifua mtu mzima ambaye moyo umesimama kunataka mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na mikono husahau hilo ndani ya miezi michache ilhali cheti kinaweza kuwa hai kwa miaka 2 au 3. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, kisha kasi hupungua. Kwa hiyo nikipewa saa moja, naigawa: nusu sasa, na inayobaki vipande vidogo vya dakika kumi kila baada ya miezi kadhaa, pale pale mtu anapofanyia kazi.

Kozi za kompyuta zina mahali pake, hasa kwa mambo ya kanuni na taratibu. Lakini anza na jaribio. Anayelipita aachiliwe aende zake; hakuna kinachomchosha mtu mzoefu kama kufundishwa alichokifundisha yeye. Maswali yatoke kwenye visa vya kwenu, si yale ya kununua ambayo jibu refu kuliko yote ndilo sahihi. Kila mtu anaijua siri hiyo. Na fundisha kwa lugha ambayo watu hupigiana kelele nayo kazini hatari ikitokea. Kama ilani iko kwa lugha moja na kelele ziko kwa nyingine, tafsiri ilani.

Wanaokwepa

Watabaki wachache ambao muda wamepewa na bado hawatokei. Usianze na barua ya onyo. Mfuate mtu faraghani umuulize. Kulikuwa na fundi mmoja, mkongwe, anayeheshimika, ambaye kila tukimpangia kozi ya kompyuta alikuwa na dharura. Kumbe maandishi ya kwenye skrini hakuyaona vizuri, na hakutaka vijana aliowafundisha kazi wajue. Tulimpa mtu wa kumsomea maswali kwenye chumba cha pembeni, akajibu yote bila kusita. Wapo pia wasiojua kusoma vizuri, wanaoiogopa kompyuta, na wanaodhani kwamba kufeli jaribio ni kufukuzwa kazi. Huyo wa mwisho mwambie ukweli wa sera yenu kabla hajakaa kwenye kiti.

Wakongwe wafanye waonyeshaji. Anayeinua mizigo kwa forklifti tangu zamani akipewa nafasi ya kuonyesha ukaguzi wa mashine kabla ya kuiwasha, atakuja mapema na atakuwa mkali kuliko mwalimu.

Mabosi ni habari nyingine. Jina la mkurugenzi liwe kwenye kundi la kwanza kabisa, na aonekane amekaa. Bosi akitumiwa "muhtasari" badala ya kozi, habari hiyo itafika mpaka kwa wafagiaji kabla ya chakula cha mchana, na baada ya hapo utakuwa unajisemea mwenyewe.

Baada ya yote hayo, mtu akikataa tu kwa kukataa, matokeo yafuate hatari yenyewe: asiye na mafunzo hai ya mashine fulani haendeshi mashine hiyo. Msimamizi akimruhusu, anayejibu ni msimamizi. Kumkata mtu mshahara kwa sababu ya kozi mimi sijaona ikimfundisha yeyote.

Kumbukumbu

Hapa sitakaa sana, ni kazi ya nidhamu tu. Jina, kozi, toleo la kozi, tarehe, aliyefundisha, matokeo, tarehe ya kuisha. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa mahali padogo pa kazi. Programu ya gharama haimpi mtu muda asionao. Tahadhari ya kwanza iende kwa msimamizi siku 60 kabla ya cheti kuisha, ya pili siku 30. Rejista ya mahudhurio isainiwe mbele ya mwalimu, mwisho wa kipindi na si mwanzo, maana kumsainia mwenzio ni ugonjwa wa kila mahali.

Wanaoponyoka kwenye mfumo ni walewale: aliyerudi kutoka likizo ndefu ya ugonjwa au uzazi, aliyehamishwa idara, vibarua, na watu wa mkandarasi. Hawa wa mwisho moto hauwaulizi mwajiri wao ni nani. Waingize kwenye jedwali hata kama mshahara wao hautoki kwenu.

Na usijidanganye kwamba mkaguzi anatazama karatasi tu. Mkaguzi anayejua kazi yake atamsimamisha mtu wa kwanza koridoni amuulize mahali pa kukusanyikia kengele ya moto ikilia.

Utapeleka nini kwa menejimenti?

Asilimia ya waliomaliza wataiomba, wape. Donald Kirkpatrick, aliyeandika mwaka 1959 kuhusu kupima mafunzo, alitaja ngazi 4: waliipenda, walijifunza, wanafanya kazi tofauti, na taasisi imepata nini. Asilimia ya waliomaliza haigusi hata ya kwanza. Mimi hutembea. Baada ya mafunzo ya kuinua mizigo naenda kusimama ghalani nione migongo. Baada ya mafunzo ya barua pepe za kitapeli naangalia ni wangapi wameripoti barua ya kutilia shaka, na wameripoti upesi kiasi gani. Kwenye unyanyasaji uwe mwangalifu na tarakimu: malalamiko yakiongezeka miezi ya mwanzo, huenda watu wameanza kuamini kwamba watasikilizwa, na bosi asiyeelezwa hilo mapema atasema mafunzo yamechochea fujo.

Kisha ongeza safu moja ambayo hawajaiomba: saa ambazo kila idara ilitoa kwa ajili ya mafunzo, kando ya saa zilizokuwa zinatakiwa. Idara yenye saa 40 zinazotakiwa na 6 zilizotolewa haihitaji tena barua pepe kwa wafanyakazi wake. Mkuu wa idara hiyo ataulizwa kwenye kikao kile kile, na wewe utakuwa umekaa pembeni na ratiba ya zamu mkononi, tayari kumwonyesha mapengo yaliyopo.